Mabati ya Jenoveva

Jenoveva Nyamburi alizaliwa Butiama, akaolewa Musoma, na mumewe alipofariki akabaki katika chumba cha shemeji yake Alfonce, hapa Kigera, nyumba ya tatu kutoka kwangu. Alikuwa akinunua dagaa mwaloni, pale wavuvi wanaposhusha, anawaanika, kisha anawapeleka Bunda siku za mnada. Miaka ile bei ilipanda kabla mtu hajafika dukani. Wengi wetu tulifungia noti kwenye makopo tukangoja hali itengemae. Yeye hakungoja. Kila aliporudi kutoka Bunda alitafuta bati moja, hata la kulanguliwa, akaliegemeza ukutani nyuma ya kitanda.

"Mama Bhoke," majirani walimtania, "unalalaga na mabati kama mume?"

"Hili halinywi pombe," alijibu, "na asubuhi haliniulizi chai iko wapi."

Kiwanja alikuwa nacho, matofali alishachoma. Kilichombana ni muda. Alfonce alimwambia mbele ya watu kwamba ikifika Krismasi ya 1986 anataka chumba chake, kwa kuwa mwanawe anaoa. Kufikia Juni Jenoveva alikuwa na mabati ishirini.

Mwezi ule shilingi ikashushwa thamani, na noti za kwenye makopo zikawa nusu ya zilivyokuwa. Mimi nilikuwa karani wa stoo. Miaka miwili nyuma nilikuwa nimepata mifuko kumi na miwili ya saruji kwa kibali, nikaihesabu kuwa akiba bora kuliko noti. Lakini chumba nilimoiweka kinapokea unyevu wa ziwa. Jioni moja nilibonyeza kona ya mfuko wa chini. Haikubonyea. Nikabonyeza wa pili, vilevile.

Siku ya tatu nilimwita Jenoveva.

"Mabati ishirini ni mengi kwa vyumba viwili," nikamwambia. "Nipe kumi, uchukue saruji yangu yote. Msingi utaujenga na nini?"

"Haiharibikagi hiyo?"

"Ukiiweka pakavu, haiharibiki."

Maneno hayo yalikuwa ya kweli, ndiyo maana niliyachagua. Nilibeba mifuko mwenyewe mpaka kwake, ile laini nikaipanga juu. Akanishukuru kwa kubeba, akanipa na dagaa.

Oktoba akaja fundi Wanzagi. Alifungua mifuko mitatu, wa nne akaupiga nyundo.

"Mama, hii siyo simenti tena. Hili ni jiwe limevaa karatasi."

Mifuko tisa ilikuwa hivyo. Jenoveva alikuja kwangu moja kwa moja, nami nikasimama mlangoni nikisubiri matusi.

"Pole, Baba Esta," akasema. "Kumbe na wewe walikuibia hao wa vibali. Walikuuzia mbovu."

"Ndiyo hivyo," nikajibu.

Mabati manne nilikuwa nimeshayauza. Yale sita niliyapakia kwenye mkokoteni kesho yake, nikampelekea.

"Ya nini tena? Si tulibadilishana?"

Hapo ndipo palikuwa pa kusema. Nikasema, "Nimekuonea huruma."

Wanzagi alijengea udongo, saruji ile kidogo ikaishia kwenye msingi. Chumba kimoja kiliezekwa chote kwa bati, cha pili kikamaliziwa kwa nyasi upande mmoja. Wiki moja kabla ya Krismasi Jenoveva alihamia, na wanajumuiya tukaenda kuiombea nyumba. Baada ya sala alisimama.

"Alfonce ameshapata chumba chake, tusigombane tena," alisema, watu wakacheka. "Lakini humu ndani kuna mtu aliyenirudishia mabati yake mwenyewe bila kudai kitu. Baba Esta, simama wakuone."

Nikasimama. Walipiga makofi, na mke wangu Hyasinta alipiga kuliko wote. Sahani ya kwanza ililetwa kwangu, yenye kichwa cha sato. Jenoveva alisubiri pembeni aone kama kimenitosha. Nikala, nikamwambia kimetosha.