Kimya Redioni

Nilikuwa nimechoka. Nasema hivi mapema ili mtu asitafute shujaa humu. Vita vilipoingia mji wetu wa Bunia kwa mara nyingine, shule yetu ya pale Shari ilijaa watu waliokimbia vijiji vya Djugu. Madawati yakawa kuni, na ubao wa darasa la sita ukawa mlango wa choo. Direkta wa shule akaniita, akasema masomo yatapita redioni. Nikamuuliza nani atafundisha.

"Weye, Madame," akajibu. "Weye uko na sauti."

Sauti! Miaka yote ile ya kupigia watoto kelele, kumbe ndiyo ilikuwa diploma yangu.

Basi kila mchana nilikwenda kukaa katika chumba kidogo cha studio, blanketi zimetundikwa ukutani, nikifundisha maikrofoni. Maikrofoni haiinui mkono wala haikosei hesabu. Nilirudi nyumbani koo limekauka, bila kujua kama kuna mtoto hata mmoja aliyenisikia, maana mawe ya redio, yaani betri, yalikuwa ghali na watu waliyaanika juani ili yapate nguvu kidogo.

Msikilizaji mmoja tu nilimjua kwa uso. Alilala na mama yake ndani ya darasa langu, pale pale palipokuwa meza yangu. Walitoka upande wa Iga Barrière. Alikuwa msichana mrefu kupita darasa lake, kwa sababu mara mbili alikaribia kufanya mtihani wa kumaliza shule ya msingi, na mara mbili risasi zilimtangulia. Mjomba wake wa Ariwara alikuwa na kibanda sokoni, na alikuwa ametuma neno: mtoto akikosa mtihani mwaka huu tena, aende kwake akauze vitenge, mambo ya vitabu yaishe.

"Madame, utusaidie," mama akaniambia, amenishika mkono. "Mutoto akikosa tena, njo mwisho. Siye hatuko na kitu ingine."

Nikasema nitajaribu. Siku zile nilimwambia hivyo kila mtu, ili aniachie mkono nipite.

Wiki ile nikafundisha imla. Nikasoma sentensi ya kwanza mara mbili, kisha nikanyamaza, jinsi mwalimu yeyote anavyonyamaza ili watoto waandike. Nyuma ya kioo fundi wa mitambo akaanza kunipungia mikono yote miwili. Nikaweka kidole mdomoni: tulia, bwana, watoto wanaandika.

Lakini katika Bunia ya wakati ule redio hainyamazi bure. Kila kundi lililouteka mji lilianza na studio. Muziki ulikatika, kikafuata kimya, halafu sauti ngeni ikatangaza mkubwa mpya. Aliyesikia kimya hakungoja hiyo sauti, alikunja godoro akaondoka. Na mimi nilijua! Nilikuwa nimekimbia kimya cha namna hiyo mara ngapi, sufuria kichwani. Ila mbele ya maikrofoni nilijiona niko darasani, na darasani kimya ni kitu kizuri.

Fundi aliingia mbio, jasho linamtoka. "Madame, unakimbiza muji muzima!"

Nje barabara ilikuwa imejaa magodoro. Fufu ya jirani yangu iliungulia motoni. Direkta mwenyewe, aliyepanga kipindi na kujua saa yake, alikaribia uwanja wa ndege ndipo akakumbuka kwamba ni mimi. Jioni nilipita shuleni nikamkuta yule msichana amerudi, miguu ina vumbi mpaka magotini, kalamu imepotea njiani.

"Nilijua ni imla, Madame," akasema. "Lakini nilijikuta niko inje, nakimbia."

Niliona aibu, na hasira pia, sijui kwa nani.

Mkubwa wa redio akakataza kimya. Muziki nao sikuutaka, maana mtoto akisikia rumba hataandika chochote. Kwa hiyo baada ya kila sentensi nikawa nasema: "Niko hapa. Andikeni. Niko hapa." Nililirudia neno hilo mpaka likanichosha kuliko hesabu. Sokoni wauza sombe, yale majani ya muhogo, walinitania, "Niko-Hapa amekuja, mumpimie vizuri!" Nami nilicheka kwa kuwa hata kukasirika kunataka nguvu.

Miezi ikapita, mji ukatulia kidogo, mtihani ukapangwa katika ukumbi wa parokia. Niliwekwa kusimamia. Inspekta akatangaza sheria: hakuna kusema, na mwenye kutoka harudi. Ukumbi ukanyamaza, na nje nako kukanyamaza.

Hapo nikamwona msichana wangu. Kalamu ilisimama. Akainua kichwa, akatazama mlango, akaanza kukaza kamba ya kiatu. Wenzake wawili watatu nao walikuwa wameshageuka. Hakuna risasi iliyolia, mama yangu! Ni kile kimya tu. Mguu mmoja ulikuwa umeshatoka kwenye benchi. Akivuka ule mlango, ni Ariwara kwa mjomba.

"Niko hapa," nikasema. "Andikeni."

"Madame! Inje!" Inspekta alinitoa mbele ya wote, na alikuwa na haki.

Sikwenda mbali. Nilisimama juani chini ya dirisha nikaanza kusema kwa sauti, peke yangu. Nikataja bei ya muhogo. Nikalalamikia miguu yangu. Nikamgombeza mbuzi wa parokia ambaye hakunikosea lolote. Inspekta akatokea dirishani, mdomo wazi, akageuka kutazama watoto nyuma yake. Vichwa vyote vilikuwa vimeinama juu ya karatasi. Akafunga mdomo, akarudi ndani.

Mama wa msichana alikuwa anangoja kwenye kivuli cha ukuta. Akanisogelea taratibu, akidhani nimerukwa na akili.

"Madame, unaongea na nani?"

"Na mutoto yako. Koo yangu inaisha, mama. Unisaidie."

Mama akaweka kikapu chini, akasimama karibu nami, akaanza kueleza kwa sauti kubwa habari za shamba lao la maharage, tangu kulima mpaka kuvuna. Tukapokezana hivyo mpaka karatasi zilipokusanywa, na hakuna mtoto aliyetoka.