Sensa Tatu za Mtani Wangu

Mpaka leo nikisikia mashine ya kuoshea magari inavuma, nageuza uso. Mimi ni fundi umeme wa magari, na balaa lililonipata na maji nilijiletea mwenyewe.

Gereji yangu iko Temeke, kiwanja cha mchanga chenye mafundi sita na kijiwe cha kahawa pembeni. Tangu nilipoanza nilijiwekea utaratibu niliojivunia kuliko ujuzi wenyewe: gari halitoki kwangu chafu. Hata kama limeletwa kubadilishwa balbu, kabla sijampigia simu mwenyewe nafungua boneti na kuipiga injini maji ya presha mpaka ing'ae. Wateja walipenda. Mtu hajui umefanya nini kwenye nyaya, lakini injini safi anaiona kwa macho yake. Wakaniita fundi msafi, na kichwa kikavimba.

Sensa, vile vifaa vidogo vinavyoipasha habari kompyuta ya gari, nilikuwa nachukua kwa mtu mmoja tu. Alikuwa na duka la spea za mtumba hatua chache kutoka gereji. Yeye Mzaramo wa hapa hapa, mimi Mnyamwezi wa Tabora, kwa hiyo tulikuwa watani, na asiyejua mambo hayo angedhani tunachukiana. Asubuhi nikipita ananipokea kwa matusi: "Mpagazi wee! Babu yako kaja pwani na pembe ya ndovu kichwani, leo unajitia kushika kompyuta!" Nami namjibu kwamba wao kazi yao ni ngoma, duka wanafungua wakikumbuka. Mama yake, bibi kizee wa kutembelea mkongojo, hakuwahi kuniita jina jingine zaidi ya mpagazi wangu. Nikienda kwao ananipa sahani ya wali na kuniambia nile haraka, mzigo unaningoja njiani. Mji huu mzima sikuwa na mama mwingine. Ile ndiyo nyumba pekee niliyoingia bila kubisha hodi.

Ndipo akaja mwalimu mmoja, mama wa makamo kutoka Mbagala, na gari lake dogo. Alitaka breki tu. Nikafunga breki, nikaosha injini, akaenda zake. Siku ya pili akarudi. Taa ya injini inawaka, gari linakosakosa na kuzima njiani. Nikachomeka mashine ya kupima, ikanionyesha sensa ya krenki, ile inayoipa kompyuta habari za mzunguko wa injini. Nikachukua sensa kwa mtani, nikaifunga, gari likawa zima. Nikaliosha, nikamkabidhi.

Baada ya siku tatu akarudi na kosa lile lile. Nikafunga sensa ya pili, nikaosha. Akarudi. Nikafunga ya tatu, nikaosha vizuri zaidi, maana nilishaanza kumwonea aibu. Safari hiyo alirudi akivutwa kwa kamba.

"Fundi, nimekwama barabarani na madaftari ya watoto wa watu ndani ya gari," alisema, na mafundi wenzangu wote wanasikia. "Kama huwezi si useme tu?"

Hapo ndipo nilipotakiwa kufanya kazi ya fundi: kuchomoa soketi, kuimulika kwa tochi, kupima waya mmoja mmoja kwa mita. Ni kazi ya dakika kumi. Mashine ikitaja sensa haisemi kwamba sensa imekufa, inasema habari za sensa hazifiki. Nilifundishwa hivyo, na nilikuwa nikiwafundisha wengine hivyo hivyo kwa sauti kubwa. Lakini nilikuwa nimeaibishwa, na nilichotaka wakati ule si ukweli. Nilitaka mtu wa kumtupia ile aibu. Nikaichomoa sensa ya tatu, nikaenda nayo kijiweni. Mtani alikuwa pale na kikombe chake cha kahawa.

"Wewe mwizi," nikamwambia. "Unatuuzia sensa feki."

Watu wakaangua kicheko. Naye akacheka. "Mpagazi leo kashiba huyu," akasema, "mpeni mzigo abebe."

Nikamrushia sensa miguuni. Nikawaambia waliokuwepo kwamba sensa tatu zimekufa kwenye gari moja, na kwamba anayenunua pale ajue ananunua takataka. Kicheko kikaanza kupungua. Mzee mmoja akajaribu kunituliza, akasema utani ukizidi si mzuri. Nikamjibu, "Mimi sitanii."

Neno hilo natamani ningelimeza. Miaka yote ile tulitukanana kila tusi, lakini hilo hakuna aliyewahi kumwambia mwenzake. Aliweka kikombe kwenye benchi, akaiokota sensa, akanirudishia mkononi. Kisha akaondoka.

Sensa ya nne nilinunua Ilala. Wiki hiyo mabomba ya mtaa wetu yalikuwa makavu, mgao wa kiangazi, na maji ya kununua kwa madumu sikuwa tayari kuyamwaga kwenye injini. Gari likaondoka na vumbi lake, na halikurudi tena na kosa lile. Kijiweni wakasema si mmeona wenyewe? Kilichobaki hakikuhitaji msaada wangu. Mteja akiulizia sensa, mafundi walikuwa wanamwambia asiende kwa yule. Haikupita miezi mingi, mtani akafunga duka. Nikasikia anauza misumari na gundi kwa mafundi samani wa Keko.

Siku moja mwalimu akaja kubadilisha oili. Nikamuuliza habari za gari.

"Zima kabisa," akasema. "Ila safari ile uliniudhi, hata injini hukuiosha. Nikajua fundi kanikasirikia."

Alikuwa anatania tu. Mimi nilisimama na spana mkononi kama mtu aliyesahau alichokuja kufanya. Nikachomoa ile soketi ya sensa, kwa mara ya kwanza nikaichungulia. Raba yake ndogo ya kuzuia maji ilikuwa imekauka na kupasuka, na pini zina kutu ya kijani. Nikachota maji kwa kifuniko cha chupa, nikayatia, nikachomeka, nikawasha. Injini ikaanza kukosakosa na taa ikawaka. Nikaikausha kwa upepo, ikatulia. Nikainama chini ya meza, nikatoa boksi la vyuma vibovu, nikazifunga zile sensa tatu moja baada ya nyingine. Zote zilikuwa nzima. Zilikuwa nzima siku zote, na mimi ndiye niliyekuwa nazizamisha kwa maji yangu ya heshima.

Nilikwenda Keko kesho yake. Nilimkuta anapima misumari kwenye mzani. Nikamweleza yote, maji, raba, sensa, sikuficha kitu, nikamwomba radhi. Alinisikiliza mpaka mwisho.

"Nimekusikia," akasema. "Ila ulisema pale kijiweni, watu wamejaa. Hapa tupo wawili tu."

"Nitasema na pale," nikamwambia.

Sikusema. Kila asubuhi nilikunywa kahawa yangu nikijiambia kesho. Fundi gani atasimama mbele ya mafundi aseme alikuwa anaharibu magari ya watu kwa kuyaosha, kisha anayatafutia ugonjwa? Niliacha kuosha injini, na walioniuliza sababu niliwajibu kwamba maji siku hizi ni ya shida. Jina lake likiharibiwa mbele yangu nilikuwa naangalia kikombe. Mimi ni mwoga, na ninaliandika neno hilo kwa sababu kuliandika ni rahisi kuliko lile la kijiweni.

Kisha mama yake akafariki. Kwenye msiba mtani ana kazi yake: anamwigiza marehemu, anawachekesha wafiwa hata wasipotaka, anazuia njia jeneza likitoka mpaka wambembeleze. Mimi ndiye niliyekuwa mpagazi wa yule bibi. Nikajifunga kitambaa kichwani, nikajitwika gunia la mkaa, nikashika fimbo kama mkongojo, nikaingia uani kwao nikichechemea kama alivyokuwa anatembea yeye. Watu wa mkekani wakaanza kutabasamu. Wakawa wanangoja mwenye msiba anitukane.

Alikuja polepole. Akaniteremshia gunia kwa mikono miwili, akaliweka chini kwa uangalifu, akanipa mkono.

"Ahsante sana kwa kuja, fundi," akasema. "Pole na safari. Karibu kiti."

Mtani hapewi kiti. Kila aliyekuwa pale uani analijua hilo, na tabasamu zikaisha. Nikafungua kitambaa kichwani, nikakaa. Nilikaa pale pale mpaka walipolibeba jeneza, na hakuna aliyelizuia njia.