Mzee Katembo na Miaka Aliyojiongezea

Siku hizi, katika ukumbi wa kanisa pale Toongabbie, hapa Sydney, chakula kinapoa. Masufuria yanafunuliwa, mvuke wa sombe, majani ya muhogo, unapanda, na watu wanatazamana kwa sababu hakuna anayejua nani apakue kwanza. Zamani Katembo alikuwa anakohoa mara moja, anachukua sahani, nasi tunapanga foleni nyuma yake. Sasa tunangojana, mpaka mama mmoja mwenye mtoto anayelia njaa aamue kuvunja desturi ya mzee kutangulia.

Alikuwa mzee wetu, na hakuwa mzee. Kwao, kwa Wanande wa Kongo, majina hufuata zamu ya kuzaliwa: Kambale ni mvulana wa pili, Katembo ni wa tano. Mtu wa Butembo akisikia ndugu wawili wakiitwa hivyo, anajua nani alimbeba nani mgongoni. Lakini katika kambi ya wakimbizi Uganda, karani alipouliza umri, Katembo alijiongezea miaka kumi. Wazee walikuwa na foleni yao ya chakula, fupi, yenye mabenchi, na kwenye vikao walisikilizwa. Yeye alikuwa na mvi za mapema na sauti nzito. Karani hakuinua hata macho. Kambale, kaka yake, aliyesimama nyuma yake, alitaja umri wake wa kweli. Wakapanda ndege kuja Sydney, mdogo akiwa amemzidi kaka yake miaka miwili kwenye karatasi.

Hapa miaka ile ilimlipa. Alipofika hamsini na saba, serikali ilimpa pensheni ya mtu wa sitini na saba. Akageuka mwalimu wetu wa mambo hayo. Alisema mipango ya serikali ni kama mabati: unalaza ukingo wa moja juu ya ukingo wa jingine, mvua haipiti. Medicare inalipa daktari na hospitali. Kadi ya pensheni inashusha bei ya dawa na kukufungulia kliniki ya meno. Mpango mwingine unakupa miwani. Wajane wengi walipata dawa za presha kwa sababu yake, na hilo silifuti.

Kambale wakati huo alikuwa bado anapanga maboksi kwenye ghala huko Mount Druitt, mkanda wa mgongo chini ya shati. Kila Jumapili, mbele ya watu, Katembo alimtuma chai.

"Mdogo wangu," alimwambia siku moja, ukumbi mzima ukisikia, "vumilia na maboksi yako. Na wewe utazeeka."

Tulicheka. Kambale naye alicheka, akaleta chai, na hakusahau sukari.

Mwaka uliofuata kiharusi kilimwangusha Katembo bafuni. Upande wa kulia ulikufa, na maneno yakaenda nao. Medicare ililipa hospitali yote. Lakini mgonjwa hukaa hospitali kwa muda tu, na huyu alihitaji mtu wa kumwogesha, kumgeuza na kumnyoosha viungo kila siku. Ipo bima ya serikali ya watu wenye ulemavu, inayolipa hayo yote nyumbani kwako maisha yako yote, ila lazima uombe kuingia kabla ya kutimiza sitini na mitano. Kwenye karatasi Katembo alikuwa na sitini na minane. Wazee wana mpango wao: saa chache kwa wiki, na foleni ndefu ya kuzingoja. Déborah, binti yake wa pekee, mama yake alishafariki, alikuwa akifanya kazi ya zamu na hakuweza kuiacha. Ama baba arudishiwe umri wake, ama apelekwe kwenye nyumba ya wazee.

Mwanasheria wa msaada, ofisini kwake Parramatta, alisema njia ipo. Uongo ukiriwe, pensheni irudishwe kidogo kidogo, kisha maombi yapelekwe. Parokia ya kwao ilikuwa imeungua pamoja na vyeti vyake vya ubatizo, kwa hiyo alihitajika mtu aliyemwona Katembo akizaliwa. Aliye hai alikuwa mmoja.

Kambale alikuja amevaa suti ya kanisani. Mkalimani, Mtanzania aitwaye Ulimboka, alimtafsiria swali: nani kati yao alizaliwa kwanza? Kambale alimtazama ndugu yake kwenye kiti cha magurudumu.

"Huyu ni yaya wangu," alisema, kama tunavyomwita kaka mkubwa. "Nilimkuta duniani."

Déborah alimshika mkono. "Baba mkubwa, tafadhali."

"Mimi ni baba yako mdogo, mama. Kanisani kila mtu anajua."

Déborah akamweleza mwanasheria habari ya majina, wa pili na wa tano, haraka, kwa Kiingereza, akilia. Mwanasheria akauliza kama ni kweli.

"Majina ni majina tu," Kambale alijibu. "Mama alitupa alivyopenda."

Hapo Katembo aliinua mkono wake wa kushoto, vidole vyote vitano vimetanuka, akamwelekezea kaka yake. Kinywa kilihangaika bila kutoa neno. Mwanasheria alidhani mgonjwa amechoka, anaaga, akafunga faili.

Kwenye lifti Kambale alitoa leso, akampangusa mate kidevuni, polepole, kama mtu anayefuta kikombe.

"Pumzika, yaya," alisema.

Katembo sasa yuko kwenye nyumba ya wazee huko Campbelltown, chumba cha mwisho, upande wa maegesho ya magari. Ana miaka sitini.