Sponji ya Bega la Kulia

Fundi cherehani huyu walimwita Bi Mkasi, na wala si kwa ajili ya kazi yake. Ulimi wake ulikata. Aliyekatwa kuliko wote alikuwa wifi yake, mjane wa kaka yake.

"Kaka yangu alimuoa akiwa mzima," aliwaambia wateja, pini mdomoni. "Mikono ikafa, miguu ikafuata, mwisho hata kumeza hawezi. Mtu wa miaka thelathini na minane! Kalishwa kitu yule, nakwambia."

Maneno yana miguu, na haya yalikimbia. Mwezi haujaisha tangu mazishi, ukoo ukaitisha kikao: mjane afungashe virago na wanawe wawili, nyumba ibaki kwa wenyewe. Mjane alikwisha kumpelekea Bi Mkasi barua ya daktari wa neva. Iliandikwa wazi kabisa: marehemu alizaliwa na kosa kwenye jeni moja, kosa linaloua taratibu zile neva zinazoamrisha misuli, na neva ikifa, msuli nao unasinyaa. Kosa hilo hutoka kwa mzazi. Kila mtoto wa mwenye nalo ana uwezekano wa nusu kwa nusu wa kulirithi. Bi Mkasi hakufika hata mstari wa tatu.

"Hata mchawi ana karatasi!" alisema, akaichana vipande viwili mbele ya mwenyewe. Roho mbaya haina dawa, jamani.

Siku tatu kabla ya kikao, mkasi ukamponyoka. Akauokota, ukamponyoka tena. Akautazama mkono wake wa kulia: nyama ya chini ya kidole gumba imebonyea, na juu ya kiwiko misuli inachezacheza yenyewe chini ya ngozi. Alishayaona hayo kwa kaka yake. Akakaa juu ya marobota ya vitambaa.

Kisha akalitoa daftari lake la vipimo, la zamani, lenye jalada lililochanika. Alijua anachotafuta, na hilo ndilo linaloniudhi mpaka leo. Alijua ukurasa.

Kikaoni, sebuleni kwa mjane, kaka yao mkubwa alikohoa, akamnyooshea Bi Mkasi kidole. "Haya, dada. Yale uliyokuwa ukiyasema nje, yaseme hapa mwenyewe akisikia."

Bi Mkasi akasimama, akavua futi ya kupimia shingoni, akampa mjane. "Wifi, nipime mikono. Hapa, juu ya kiwiko."

Mjane alimpima bila kumtazama usoni. "Kushoto thelathini. Kulia ishirini na saba."

"Sasa sikilizeni." Akafungua daftari. "Hiki kipimo cha marehemu kaka, suti ya kuanzia kazi, mwaka mzima kabla hajamjua huyu. Mkono wa kulia umepungua sentimita mbili, bega limeshuka. Nikalishonea sponji, suti ikae sawa. Baba naye nilimshonea sponji vilevile, nikasema uzee. Niliona, nikanyamaza. Halafu nikamsingizia mtu. Ugonjwa ni wa damu yetu, na mimi ninao. Huyu hana kosa, na nyumba ni yake."

Kaka mkubwa alirudisha kidole chake, akaitia mikono yote miwili mifukoni.

"Nisamehe, wifi," Bi Mkasi alisema, machozi yanamtoka.

Mjane aliikunja futi polepole, akamtupia kifuani. Mkono wa kulia ulijaribu kuidaka, ukashindwa, futi ikaanguka sakafuni.

"Miaka yote hiyo ulijua," alisema. "Ungetuambia, tungepima kabla ya kuzaa. Wanangu wawili wana damu yenu hiyo. Wao utawashonea sponji gani?"

Akaenda kuufungua mlango, akausimamia mpaka wa mwisho wao alipotoka.