Gesi Isiyonuka

Juzi, kwenye maonyesho hapa Nakuru, mtafiti alituonyesha tangi analounda la kubebea haidrojeni, gesi itakayokuwa mafuta safi ya malori ya kesho. Anataka liwe jepesi na la bei nafuu. Mama mmoja wa Molo akainua mkono.

"Ikivuja, inanuka?"

"Hapana, mathe. Haina harufu."

"Na ikishika moto?"

"Mchana, moto wake hauonekani vizuri."

Mama akakaza shuka mabegani. "Kwetu lori la petroli likianguka, watu hukimbia na mitungi kuchota. Hilo lenu la gesi likianguka, nani atawaambia wasikaribie?"

Mtafiti akaanza kupangusa tangi ambalo halikuwa na vumbi.

Tangi la kuzuia hiyo gesi watalipata tu. La kutuzuia sisi, sijui.