Nilimzushia Mume Wangu Ulevi, Kumbe Ini Lilijaa Mafuta

Aliyemvunjia mume wangu heshima si jirani wala hasidi. Ni mimi, mkewe, niliyemzalia watoto wanne. Nimechoka kulibeba hili peke yangu, na hapa Lamu sina wa kumwambia ambaye hatalipeleka mbele. Basi nawaambia nyinyi msionijua.

Mume wangu ni mwalimu wa chuo, anasomesha watoto Kurani. Kila mtu humwita Mwalimu, hata mimi ndani ya nyumba. Kazi yake ni kukaa kitako mkekani tangu asubuhi mpaka jioni. Na huku kwetu mwalimu hahudhurii hitima wala arusi bila kusogezewa sinia lililonona. Wazazi wakitaka kumshukuru humletea halua na kaimati. Nami nyumbani sikumpunguzia: mahamri asubuhi, wali wa samli adhuhuri, chai yenye sukari ya kushikana midomo.

Kitambi kilipoanza kumtangulia, jamani, nilifurahi! Nilitembea na mashoga zangu kichwa juu. Nilitaka waone kuwa mume wangu anatunzwa.

Mwisho wa wiki alikuwa akivuka kwenda Kililana, tuliko na kishamba chetu. Tangu bandari mpya ianze, upande ule umejaa wageni, na pombe haikosekani kwa anayeitafuta. Sikuwahi kuliwazia hilo hata siku moja. Lakini lilikuwa kichwani, limelala.

Akaanza kuchoka ovyo. Akipanda ngazi za nyumba yetu anahema, na chini ya mbavu za kulia anasikia kitu kizito. Tukaenda hospitali, akapigwa picha ya tumbo. Daktari, kijana mmoja wa bara, akaitazama kisha akasema, "Mwalimu, ini lako limejaa mafuta, na limeanza kupata makovu. Unatumia pombe?"

Mwalimu akanyamaza. Akainamisha kichwa, midomo ikamcheza, neno lisitoke.

Leo najua kuwa aliona haya. Mtu wa dini, kuulizwa swali lile mbele ya mkewe! Lakini siku ile mimi sikuona haya yake. Niliona Kililana.

Nikainuka nikatoka. Daktari bado anazungumza! Nilimsikia nyuma yangu akitaja sukari, presha, kitambi, sijui kutembea, nami nikazidi kukaza mwendo. Lau ningekaa kile kiti dakika chache tu, nisingekuwa na la kuungama.

"Daktari asema ni zakula," Mwalimu aliniambia tulipofika nyumbani. "Asema nipunguze wali na sukari, na nende kwa miguu kulla siku."

"Zakula? Mbona mimi hula zizo hizo na sina kitu?"

"Wallahi sijaigusa, mke wangu."

"Usiniapie! Mlevi gani asiyeapa?"

Alivua kofia yake, akaiweka kitandani, akakaa kando yake.

Kesho yake nikaenda kwa dada yangu, nikalia mpaka kamasi. Nikamwambia kila kitu, nikamwomba asimwambie mtu. Dada akamwambia mumewe, maana nao walikuwa na watoto pale chuoni. Shemeji akawaambia wenzake. Mwajua mitaa yetu ilivyo, kuta zimeshikana na maneno nayo hayana haja ya kupiga hodi. Hakuna aliyekuja kumuuliza Mwalimu. Watoto waliondolewa kimyakimya, huyu kahamia chuo kingine, yule mgonjwa, yule kasafiri. Mpaka mikeka ikabaki mitupu.

"Ni wewe uliyenena?" aliniuliza jioni moja, tukiwa tunakula.

Nilimwongeza wali. Hilo ndilo jibu nililompa.

Kuanzia hapo hakurudi kwa daktari. Atarudi vipi? Akionekana kwenye foleni ile watu watasema ndiyo hayo, ini la pombe. Kutembea nako akaacha, kwa sababu kila akipita barazani mazungumzo hukatika. Shamba akalitupa. Akawa mtu wa ndani, kiti na kitanda, na kula nilichompakulia. Na mimi, Mungu anisamehe, niliendelea kupakua vilevile! Samli vilevile, sukari vilevile. Nilijiambia kuwa nastahimili ndoa yenye mlevi, tena nikajiona mke mwema.

Ikapita miaka hivyo. Mwaka jana tumbo likamfura maji, miguu ikavimba, macho yakageuka manjano. Tukampeleka Mombasa.

Huko tulipokewa na daktari mwanamke, makamo yangu, mpole. Alipomaliza kumpima nilimfuata pembeni nikamnong'oneza, "Daktari, wewe atakusikiza. Mwambie aiache pombe."

Akanikazia macho. "Pombe gani, Bi? Mumeo ana sukari ya siku nyingi, ana presha, mafuta kwenye damu yako juu, na kitambi unakiona. Hivi vinne hupenda kwenda pamoja, na vikienda pamoja ini huumia. Mtu anaweza asionje pombe maisha yake yote na ini likaharibika. Hamkuambiwa mapema?"

Tuliambiwa! Wallahi tuliambiwa! Mimi ndiye niliyekuwa nishafika mlangoni.

Nikauliza kama litapona. Akasema zamani, mafuta yalipokuwa mengi na makovu machache, chakula na kutembea vingesaidia sana. Sasa ini limekakamaa. Watampa dawa za kupunguza maji, watalinda kilichobaki.

Kisha akaniuliza kama mimi na Mwalimu tunakula sinia moja. Nikasema ndiyo. Akanilaza, akanipima nami, Mwalimu yuko pale pale kwenye kiti. "Na lako lina mafuta," akasema. "Nikuulize swali tunalowauliza wote. Unatumia pombe?"

Nilijiona mimi sasa ndiye niliyeinamisha kichwa.

"Huyu?" Ni Mwalimu, kwa sauti yake ile iliyobaki kidogo. "Huyu hata harufu yake haiyui, daktari. Niulize mimi."

Hakusita hata kidogo! Nililia mpaka muuguzi akaniletea maji.

Tuliporudi Lamu nilianza kupita nyumba kwa nyumba kuyarudisha maneno yangu. Nilianza kwa shemeji. Akanisikiliza mpaka mwisho, akaniambia, "Mashallah, Bi. Wafanya vizuri kumstiri mumeo." Wengine nao ni hivyo hivyo, wananisifu kwa kumstiri! Niliposingizia waliniamini papo hapo. Ninaposema kweli, wananionea huruma. Chuo kimefungwa, na sidhani kama atakifungua tena.

Nyinyi mnaosoma, hasa wanawake wenzangu, nawaomba. Daktari akianza kusema, kaeni mpaka amalize. Msipoelewa, ulizeni tena, msione haya. Kitambi cha mume si sifa yako, mpeleke akapimwe sukari na presha angali anapanda ngazi. Na ukisikia fulani anaumwa ini, tafadhali ufunge mdomo wako. Si kila ini limelewa.

Mimi sasa hutembea kila asubuhi mpaka Wiyoni na kurudi. Chai nakunywa kavu, bila sukari, wali naula kidogo, yale yale aliyoambiwa yeye. Juzi nilipimwa tena, na daktari akafurahi, akasema mafuta yamepungua sana, nikiendelea hivi ini langu litarudi zima.

Nilipoingia nyumbani Mwalimu alikuwa macho, ananingoja. "Wamesemaye?" akaniuliza.

Nikamwambia majibu bado hayajatoka.