Vipimo Vitatu vya Kidole Gumba

Kwa miaka mingi nilipima ngwe, vipande vya shamba vya kazi ya siku, za wakata miwa huko Ruhembe, na sikuwahi kukubali kipimo cha mara moja. Mdogo wangu wa kike alipopatikana na uvimbe kichwani, karibu na sehemu ya ubongo inayoendesha mkono wa kulia, tuliambiwa sehemu hiyo lazima ipimwe kabla ya upasuaji, ili kisu kiikwepe.

Wapimaji walikuwa wamekodi vyumba viwili kando ya barabara kuu, Mikumi. Mtaalamu alimvalisha mdogo wangu kofia ya kitambaa yenye miraba, akaweka juu yake koili ya sumaku, duara la waya wa umeme. Kila ilipolia ta!, kidole gumba kiliruka, na mashine ikaandika kimeruka kwa nguvu gani. Mraba uliokirusha zaidi ulitiwa alama: chini yake ndipo ilipo sehemu ya mkono.

Niliomba warudie. Walikubali shingo upande, baada ya siku mbili. Alama ikasogea upana wa kidole.

“Hiyo kawaida,” mtaalamu alisema. “Tutamtumia daktari wa upasuaji ile ya kwanza.”

“Kwa nini ya kwanza?”

“Mzee, hili si shamba la miwa.”

“Kwenye miwa ningekufukuza.”

“Kaka, unanitia aibu,” mdogo wangu alisema. “Waache watu wafanye kazi.”

Ndipo nilipomtazama kichwa. Siku ya kwanza alikuja na nywele fupi, wazi. Sasa alikuwa amesuka rasta nene. Zilikuwa zimeinua kofia na kuisogeza, na koili ikakaa mbali na fuvu.

“Fumua.”

“Wiki ijayo wananinyoa. Niachie hizi siku chache.”

“Fumua.”

Alifumua mwenyewe, kwa mkono uleule wa kulia, machozi yakimshuka. Nilisimama mlangoni. Sikumbembeleza.

Kipimo cha tatu kilirudi karibu na cha kwanza, si palepale.

“Umeridhika?” mtaalamu aliuliza.

Nilimtaka aandike vyote vitatu, na kilichoharibu cha pili. Hakuandika mpaka nilipokalia kiti chake na kukataa kuondoka.

Uvimbe ulitolewa. Siku hizi, hapa nyumbani Kilosa, mdogo wangu huwapa shikamoo wakubwa wote wanaopita uani. Mimi haniamkii. Humenya mihogo mbele yangu, kisu amekibana sawasawa kwa kidole gumba, na maganda huyatupa miguuni pangu.